Mtu Asiyejali Wengine: Je, Ni Ugonjwa?



Huja watu ofisini wakisema, "Mwanangu ana roho ya kikatili," au "Mume wangu amerogwa." Wengine wamesikia kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo. Ni kweli, upo. Madaktari wa akili huuhesabu katika matatizo ya haiba, nao ni ule wa kutojali haki za wengine. Lakini si kila mkorofi anao.

Mwenye tatizo hili husema uongo kwa faida yake, hukopa asilipe, hupigana, huhatarisha maisha ya wenzake, na akimuumiza mtu haoni majuto. Si jambo la siku moja, ni mwenendo wa miaka mingi. Daktari hampi mtu jina hili kabla hajatimiza miaka 18, na ni lazima dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 15: kuiba, kutesa wanyama, kuchoma vitu, kutoroka nyumbani. Huonekana zaidi kwa wanaume, na wengi hupungua ukali wakishapita miaka 40.

Sasa angalieni jambo hili vizuri. Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi walivuka Busia na Malaba, wengi wakapokewa Mulanda, hapa hapa Tororo. Mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa, tangu hapo akawa mkali, halali usiku, hushtuka kwa kishindo kidogo, huyo huenda ana jeraha la vita, nalo lina matibabu yake. Vivyo hivyo mtoto aliyebebeshwa bunduki kwa nguvu. Ulizeni: kabla ya kukimbia alikuwaje? Na akiacha waragi, anakuwaje?

Chanzo si laana wala uchawi. Sehemu hutoka katika damu ya ukoo, sehemu katika malezi ya kipigo na kutelekezwa. Hakuna dawa ya kuuondoa. Daktari hutibu yanayoambatana nao, kama ulevi na huzuni. Kwa mtoto matumaini ni makubwa zaidi, hasa wazazi wakisaidiwa mapema kumlea bila kipigo.

Mama unayepigwa, usingoje mume apone. Ugonjwa huu haumwondolei mtu hatia mbele ya polisi. Mweleze mwenyekiti wa bloki au mfanyakazi wa ulinzi, hata kama kadi ya chakula iko mikononi mwa mume. Akiapa kwamba kesho atabadilika, wewe na watoto laleni kwanza mahali salama.

Anzeni kituo cha afya. Kutoka Osukuru mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Tororo, ikibidi Mbale, au Butabika kule Kampala. Asifungwe kamba. Aende na mtu aliyemfahamu tangu utotoni, kwa maana mwenyewe mara nyingi atamwambia daktari kwamba wenye makosa ni ninyi.