UZI: "Boti ya matumbo mawili haipinduki". Hii hoja tuipime

1/ Hizi ni Hoja za Jukwaani. Kwa wageni: huku hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachukua hoja moja iliyopigiwa makofi kwenye mdahalo, tunaifungua nati moja moja, halafu kila mtu anaamua mwenyewe.

2/ Hoja ya leo: "Tukiingia, tutaleta boti za kisasa za mwendo kasi, za matumbo mawili. Zile hazipinduki." Watu wakashangilia. Najua swali lenu: mtoto aliyelelewa na majani chai Bomet anajua nini kuhusu boti? Ni haki yenu kuuliza.

3/ Kwanza, Kericho na Bomet hazina ufuo hata wa mita moja, lakini zote mbili ziko kwenye ule muungano wa kiuchumi wa kaunti 14 za ukanda wa ziwa. Mto Sondu unatoka huku kwetu milimani unaingia Ziwa Victoria. Kabichi zetu zinafuata njia hiyo hiyo.

4/ Pili, mama yangu huuza kabichi na viazi. Anapakia Bomet, anashukia Mbita, anavuka hadi Mfangano. Desemba nilipokuwa likizo nilimsindikiza. Boti ya tumbo moja, magunia mpaka kwenye paa. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwepo, sikatai. Yalikuwa yamefungwa kamba, chini ya magunia.

5/ Tulipokaribia gati, watu wote wakasimama kwa pamoja wakasogea upande wa kushukia. Boti ikalala. Maji yakaingia ukingoni, viatu vikalowa. Kijana wa boti akapiga kelele, "Rudini! Rudini!" Nikamshika mama mkono. Hatukupinduka. Yeye alishuka akaanza kuhesabu magunia, mimi miguu ilikuwa inatetemeka.

6/ Kwa hivyo niliposikia "hazipinduki," sikucheka. Nilienda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, kwa lugha ya kwetu.

7/ Tuanze na boti ya tumbo la V. Ukiikata katikati, chini inachongoka kama herufi V. Ikikimbia inapasua wimbi badala ya kulipiga kofi. Mchoro wa V kali ulipata sifa mwaka 1960, boti iitwayo Moppie iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau kwenye bahari chafu. Mchoraji wake alikuwa Mmarekani, Ray Hunt.

8/ V ni kama bodaboda. Kwenye kona inalala ndani, kwa hivyo abiria anakandamizwa kwenye kiti badala ya kutupwa nje. Ikisimama, inayumba. Mtu mmoja akihama upande, unahisi. Wengi wanachukia kuyumba huko. Shikeni hilo neno, kuyumba, tutalirudia.

9/ Katamarani ni matumbo mawili membamba yaliyounganishwa na sakafu pana juu, katikati kuna njia ya maji na hewa. Watu wa Pwani wanaielewa haraka: ngalawa ina mbao mbili pembeni zinazoizuia kulala. Wazo ni lile lile: tandaza miguu, usianguke.

10/ Faida zake ni za kweli, tusiwe wabishi. Inasimama imara gatini. Ina nafasi kubwa. Matumbo membamba yanakata maji kwa urahisi, kwa hivyo inaweza kukimbia bila kula mafuta mengi sana. Ndiyo maana boti za Kilimanjaro kati ya Dar es Salaam na Unguja ni za aina hii, na safari ni kama saa mbili.

11/ Sasa shida. Katamarani ni kama trekta la majani. Magurudumu yako mbali, linasimama imara, hata kwenye mteremko unalala usingizi. Lakini mnajua trekta linavyoanguka huku kwetu: halikuonyi. Linashikilia, linashikilia, likipita ule mstari limekwisha.

12/ Ni hesabu ya uzito. Boti ikilala, maji yanaisukuma irudi wima. Kwa katamarani, msukumo huo ni mkubwa sana mwanzoni, lakini unafika kilele mapema halafu unapungua. V nzuri iliyopakiwa vizuri inaanza kulala mapema, ila inaweza kuendelea kupigana hata ikiwa imelala sana. Moja inakuonya kila dakika. Nyingine inanyamaza.

13/ Na katamarani ikishageuka juu chini, inatulia hivyo hivyo. Upana uliokuwa unaizuia kupinduka sasa unaizuia kurudi. Kwa hivyo neno sahihi si "haipinduki." Sema "ni vigumu kuipindua, na ikipinduka hairudi."

14/ Ongeza mwendo. Ukizidisha kasi mara mbili, nguvu ya kugonga wimbi inaongezeka kama mara nne. V nayo inaweza kuanza kucheza kushoto kulia ikikimbia sana, au kupindishwa na wimbi linalotoka nyuma. Katamarani ina yake: wimbi fupi likipanda katikati ya matumbo linapiga sakafu kwa chini, na pua zake nyembamba zinaweza kuchimba mgongo wa wimbi la mbele.

15/ Zile katamarani za mashindano zina hatari nyingine: hewa inaingia chini, inaziinua kama bati wakati wa upepo. Tarehe 3 Oktoba 1990, karibu na Monaco, bingwa wa mashindano hayo Stefano Casiraghi alikufa katamarani yake ilipopinduka. Huyo ni bingwa, si nahodha mchovu mwenye magunia kwenye paa.

16/ Na mzigo? Katamarani haipendi kuzidishiwa. Matumbo membamba yanazama haraka ukiongeza uzito, ile nafasi ya katikati inapungua, mawimbi yanaanza kugonga sakafu. Ukiweka mzigo juu ya paa ni mbaya zaidi kwa boti yoyote. Mchuma majani yeyote anajua: kikapu kikijaa mgongoni, kuinama kwenye mteremko ni hesabu tofauti.

17/ Sasa tuangalie historia, kwa sababu mdahalo bila historia ni kelele. 29 Aprili 1994, Mombasa: kivuko cha Mtongwe kilikuwa na nafasi ya watu 300, kikabeba kama 400. Watu 272 wakafa, karibu kabisa na ufuo.

18/ 21 Mei 1996, MV Bukoba, karibu na Mwanza. Mamia kwa mamia. Meli ilibaki imepinduka juu ya maji, watu wakiwa hai ndani. Walipotoboa ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama. Soma hiyo tena, halafu uniambie kama umbo pekee linatosha bila waokoaji waliofunzwa.

19/ 20 Septemba 2018, MV Nyerere, ziwa letu hili hili, karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ilipinduka ikiwa inakaribia gati. Nikisoma hiyo nakumbuka viatu vyangu vilivyolowa.

20/ Mtu atasema, "hizo si za kisasa." Sawa. 18 Julai 2012, MV Skagit, boti ya abiria ya tumbo moja iliyojengwa Marekani kwa maji yaliyojikinga ya jimbo la Washington, ilipinduka kwenye upepo mkali ikielekea Unguja. Chombo kilikuwa kizuri kwao. Maji yetu ni mengine.

21/ Na katamarani? Januari 2014, Kilimanjaro II ikitoka Pemba ilipigwa na wimbi kubwa eneo la Nungwi. Haikupinduka. Ilifika Unguja. Lakini kuna abiria waliokuwa nje, mbele, waliosombwa na maji, na baadhi yao wakafa. Boti ilitimiza ahadi ya "haipinduki," na bado watu walizikwa.

22/ Hapo ndio roho ya uzi huu. Umbo la boti ni jibu la swali la fundi: maji gani, mawimbi gani, mzigo gani, kasi gani. Kwa maji tulivu na abiria wengi, katamarani inaweza kuwa chaguo bora kabisa. Lakini kwenye ajali nyingi nilizotaja, kilichovunjika kwanza kilikuwa hesabu ya watu gatini. Hiyo ni siasa, si ufundi.

23/ Na boti isiyoyumba ina hatari ya kisiasa: inatulegeza sote. Nahodha anaongeza gunia moja, kwa sababu "haijalala." Mkaguzi anafumba jicho, kwa sababu "ni ya kisasa." Abiria anakalia jaketi badala ya kulivaa. Kuyumba kwa ile V kulikuwa kunatukumbusha. Katamarani inahitaji sheria kali zaidi gatini, si legevu.

24/ Kwa hivyo mgombea akirudi na hoja hii, msimzomee. Muulizeni:
a) Boti hiyo imepimwa kwa mawimbi mafupi ya Ziwa Victoria au kwa brosha?
b) Mzigo utakaa wapi, na uzito utapimwa na nani?
c) Ni nani gatini mwenye uwezo wa kusema "hapana, hamwondoki," na akisema hivyo kazi yake italindwa?
d) Majaketi yatavaliwa au yatafungwa kamba?
e) Waokoaji watafika baada ya dakika ngapi?

25/ Swali la (c) ndilo gumu. Kununua boti ni picha nzuri, kuna utepe wa kukata. Kumlinda mkaguzi anayerudisha abiria 20 nyumbani siku ya soko hakuna picha. Wale 20 watamtukana, na wao ndio wapigakura. Mwanasiasa anayeweza kujibu hilo bila kuzungukazunguka, mimi nitamsikiliza hata kama simpigii kura.

26/ Nilimsomea mama rasimu ya uzi huu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini Jumatano lazima nivuke, kabichi haingoji." Ni kweli. Yeye hachagui boti. Anapanda iliyopo. Ndiyo maana hili swali ni letu sote, hata sisi wa milimani. Siku hizi anavaa jaketi kabla ya kukaa. Anasema wanamcheka.

27/ Mwenye kuvuka Mbita, Luanda Kotieno au Likoni, niambie huko kwenu hesabu gatini inafanywaje. Mwenye kunirekebisha kwenye ufundi, karibu pia, mimi ni wa sayansi ya siasa si wa meli. Uzi ujao tunarudi nyumbani: bonasi ya majani chai, na kwa nini kila msimu wa kampeni kila mtu anaahidi kuipandisha.