Kuku wakifa ghafla: sampuli nzuri ndiyo inaleta jibu la kweli



Kuku wanakohoa, wanahema kinywa wazi, kamasi inatoka puani, wengine wanapinda shingo. Siku chache tu, banda liko tupu. Hapa Bunagana tunasema mara moja: ni Newcastle. Inawezekana. Lakini mafua ya ndege yanaweza kuonyesha dalili zile zile, na aina zake zingine zinapita kwa mtu. Mwaka 2017 virusi vya H5N8 vilipatikana Uganda, kisha kwetu Kongo, kule Ituri. Macho peke yake hayatenganishi magonjwa haya mawili. Ni labo tu.

Nayo labo inapima kile tumeipelekea. Siku moja nilibeba kuku aliyekufa jana yake, ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya pikipiki, bila barafu. Kufika, ameoza. Hatukupata jibu. Na kuna hatari kubwa zaidi: virusi vikiharibika njiani, labo inaweza kuandika «hakuna», nasi tunapeleka kuku sokoni tukiamini tuko salama.

Basi tufanye hivi:

1. Mwiteni veterineri siku ya kwanza. Virusi viko vingi mwanzoni mwa ugonjwa. Mwonyesheni wale wameanza kuugua sasa, na wale wamekufa saa chache tu. Aliyeoza hafai.

2. Msipasue kuku wenyewe. Veterineri, akiwa na glovu na barakoa, anapitisha kijiti cha kipimo kooni na kingine njia ya haja. Kijiti cha mti chenye pamba ya kawaida hakifai, kinaweza kuharibu kipimo. Kinafaa cha plastiki chenye nyuzi za polyester.

3. Kijiti kinaingia ndani ya kichupa chenye maji maalumu ya kulinda virusi. Andikeni juu yake tarehe, kijiji, umri wa kuku na kama walichanjwa.

4. Baridi ni digri 2 mpaka 8. Tayarisheni boksi na barafu mbele veterineri hajafika. Msiweke ndani ya kongelateri ya duka: kugandisha na kuyeyusha kunaharibu virusi.

5. Fungeni mara tatu: kichupa, chombo kisichovuja chenye kitu cha kunyonya maji, kisha boksi ngumu.

Kutoka hapa mpaka Goma ni karibu kilomita 100, na barabara tunaijua. Sampuli ifike mbele ya masaa 48. Ulizeni kwanza kama gari inapita, ndipo ichukuliwe.

Wakati wa kungojea jibu, hakuna kuuza, hakuna kula, hakuna kumpa jirani kuku. Wafu wafukiwe kwa shimo refu, mikono ioshwe na sabuni. Mtu aliyewashika akipata homa na kikohozi, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alishika kuku wagonjwa.

Najua kuku mmoja ni ada ya shule ya mtoto. Lakini yule tunauza haraka leo anaweza kumaliza banda za kijiji kizima kesho.