Barabara zapanuliwa, safari ya kazini haifupiki

KABLA ya jogoo kuwika, foleni huwa tayari zimejipanga katika vituo vya matatu vya Kitengela, Rongai na Ruiru. Anayetarajiwa kazini jijini Nairobi saa mbili asubuhi hulazimika kuamka saa kumi, kwani hawezi kubashiri safari itamchukua muda gani. Jioni hurejea wanawe wakiwa wamelala.

Kinachoamua urefu wa safari hiyo, awali ya yote, ni kodi ya nyumba. Kadiri mtu anavyolikaribia jiji ndivyo chumba kinavyozidi kuwa ghali, hivyo wenye mishahara ya wastani huhamia kaunti jirani za Kiambu, Kajiado na Machakos.

Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilipofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, wengi walipumua. Hata hivyo, ploti ziliuzwa kwa kasi, maghorofa yakachipuka Ruiru na Juja, na muda uliookolewa ukamezwa na umbali. Hilo halikuwa jambo geni. Mwaka 1994, mtafiti Cesare Marchetti alieleza kwamba binadamu huelekea kutumia takriban saa moja safarini kwa siku. Chombo kikienda kasi, yeye huenda mbali zaidi. Mkazi wa Rongai angeipokea saa hiyo moja kwa shukrani!

Nayo barabara ya juu ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, iliyoanza kutumika Mei 2022, hutoza ada. Matatu ambazo sharti ziokote abiria njiani husalia chini yake.

Aidha, dakika nyingi hupotea kabla ya gari kung'oa nanga. Matatu haiondoki hadi ijae, na mvua inaponyesha utingo huongeza nauli papo hapo. Asiyeimudu husubiri ishuke. Garimoshi la Syokimau hukwepa msongamano, ila huondoka kwa saa zake maalumu, na aliyeachwa hurejea kwa matatu.

Kuna pia maelfu ya vibarua wa Mukuru na Kibera waendao Eneo la Viwandani kwa miguu. Kwao foleni ya magari si kitu. Safari yao hurefushwa na mitaro isiyo na vivuko, matope, na barabara pana wasizoweza kuzivuka kwa usalama.