Gari likiwa juu ya jeki, mtoto akae wapi?

Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, katika ua wa nyumba moja ya Kimara, Dar es Salaam. Gari la familia lilikuwa limeinuliwa nyuma, gurudumu la kushoto limetolewa, na baba wa watoto wawili amelala ubavu juu ya boksi akijaribu kupitisha boliti kwenye tundu. Boliti ilikuwa haipiti. Tundu la mkono na tundu la bodi yalipishana kwa nusu kidole tu, lakini nusu kidole hicho kilikuwa kimeshamla dakika arobaini.

Safari yake ya kufika chini ya gari ilianza wiki mbili nyuma. Mkewe, ambaye ndiye huwapeleka watoto shule, alianza kusikia mgongo wa gari ukigonga kila akipita tuta. Baadaye akaona usukani umelala kidogo upande wa kulia hata barabara ikiwa imenyooka. Tairi moja ya nyuma nayo ilikuwa inalika upande wa ndani, wakati ya pili bado ina kashata za kutosha. Fundi alipoangalia, jibu lilikuwa moja: bushi za mikono ya nyuma zimekwisha.

Fedha za vipuri zilipatikana. Za ufundi ziligongana na ada ya shule. Baba, aliyezoea kubadilisha mwenyewe oili na pedi za breki, akasema hii nayo ataiweza.

Bushi ni nini na kwa nini gari huenda upande?

Gurudumu la nyuma halijaning'inia tu. Katika magari mengi yenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kama Subaru Forester, kila gurudumu hushikwa na mikono ya chuma inayolizuia lisiende mbele, nyuma wala pembeni. Kila mwisho wa mkono kuna bushi, yaani mpira ulioshikamana na bomba la chuma, ambao humeza mtikisiko na kuruhusu mkono upande na kushuka.

Mpira ukichanika, mkono hucheza. Gurudumu huacha kutazama mbele na kuanza kutazama pembeni. Likifanya hivyo la nyuma, gari zima hutaka kwenda mshazari kama kaa, na dereva hulazimika kushika usukani ukiwa umepinda ili liende sawa. Tairi hulika haraka, na siku ya mvua gari huweza kuteleza nyuma kwenye kona.

Magari madogo kama Toyota Vitz na IST ya magurudumu mawili ya mbele ni tofauti. Nyuma yana boriti moja inayounganisha magurudumu yote mawili, na kwa kawaida hakuna boliti ya kurekebishia uelekeo. Likienda upande, huenda bushi za boriti zimekufa au boriti yenyewe imepinda.

Tundu halikukataa kwa ubishi

Kosa la baba lilikuwa kudhani kinachohitajika ni nguvu. Alisukuma kwa mkono, akagonga kwa nyundo, akakaribia kuingiza kidole ndani ya tundu apime kama limelingana. Fundi aliyempigia simu ndiye aliyemzuia. Springi ikiruka hata kidogo, chuma hukata kidole kama mkasi.

Fundi akamweleza sababu. Gurudumu likining'inia, springi hulisukuma chini na mikono mingine hulivuta kwa pembe isiyo ya kawaida. Tundu litalingana lenyewe gurudumu likirudishwa mahali pake. Dawa ni kuweka jeki ya pili chini ya sehemu ya kufungia gurudumu na kuipandisha taratibu, bila kuinua gari kutoka kwenye stendi. Kama tundu bado liko mbele au nyuma, mkanda wa kufungia mizigo huweza kuvuta polepole. Bisibisi nene hupitishwa kwanza kuongoza njia, boliti hufuata. Boliti za mikono mingine zilegezwe kidogo, zisitolewe. Na mpira wa breki usibebeshwe uzito hata dakika moja.

Jeki ilipanda mara nne hivi, boliti ikaingia kwa mkono bila nyundo.

Mpira wa miguu chini ya gari

Furaha haikudumu. Mtoto wa mwisho, mwenye miaka minne, alikuwa akicheza mpira uani. Mpira ukabingirika hadi chini ya gari, naye akaufuata kwa magoti. Dada yake wa miaka kumi na miwili alimdaka kwa fulana kichwa kikiwa tayari chini ya bampa.

Gari halikuanguka. Lilikuwa limekaa juu ya stendi mbili za chuma, na gurudumu lililotolewa lilikuwa limelazwa chini ya ubavu wa gari. Lakini baba alipoinuka kukagua, aligundua jambo lililomfanya akae kimya: mbele ya magurudumu ya mbele hakukuwa na kabari. Alikuwa ametegemea hendibreki.

Wazazi wengi hawalijui hili. Kwenye magari mengi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma. Ukiyainua, haishiki kitu. Gia ya P husaidia gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, lakini kwa gari linalosukumwa na ya nyuma pekee, haizuii kitu pale nyuma ikiwa juu. Ndiyo maana kabari au mawe makubwa huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kwenye ardhi ngumu na tambarare, kabla jeki haijaguswa. Na jeki ni ya kuinulia. Ya kulalia chini yake ni stendi.

Kazi ilisimama nusu saa. Mtoto mdogo alihamishiwa ndani kwa mama yake, mlango wa uani ukafungwa, na mstari wa chaki ukachorwa hatua tatu kutoka kwenye gari. Dada mtu aliruhusiwa kubaki, lakini nyuma ya mstari.

Daftari la binti

Binti huyo hakuwa mtazamaji tu. Asubuhi, kabla gari halijainuliwa, baba alimpa futi kamba apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Aliandika sentimita 38. Alipiga picha kila boliti kwa simu, na kwenye ile yenye kichwa cha duara lisilo na kitovu katikati, ambayo hurekebisha uelekeo wa gurudumu, baba alichora alama ya rangi nyeupe kabla ya kuifungua ili irudi ilipokuwa.

Namba hiyo ndogo ndiyo iliyookoa bushi mpya. Ukikaza boliti kabisa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hufungwa ukiwa umekaa vibaya. Gari likishushwa, mpira hujisokota na kubaki hivyo kila siku, hadi uchanike mapema. Kwa hiyo boliti hukazwa mwisho, gari likiwa katika kimo chake cha kawaida. Baba alipandisha jeki chini ya kitovu cha gurudumu, binti akasoma futi kamba kutoka pembeni baba akiwa ameishika, na ilipofika 38 ndipo spana yenye kipimo cha mkazo ikafanya kazi.

Kazi haikuishia hapo. Alama ya rangi hurudisha gurudumu karibu na mahali pake tu, na bushi mpya hukaa tofauti na zilizochakaa. Jumatatu gari lilipelekwa kupimwa uelekeo wa magurudumu. Baba alisisitiza yapimwe yote manne, kwa sababu ukipima ya mbele pekee, la nyuma lililopinda hubaki limejificha na usukani huendelea kulala.

Jumanne mama alipita matuta yaleyale kuelekea shuleni. Nyuma hakukugonga, na usukani ulikuwa umenyooka. Nyumbani, mstari wa chaki umeshafutwa na mvua, lakini binti ameuliza lini utachorwa mwingine. Baba amemjibu kuwa siku hiyo mpira wa mdogo wake utafungiwa kabatini kwanza, ndipo jeki itoke.