Uteuzi wa Kipandikizi katika Upasuaji wa Kurefusha Miguu kwa Ajili ya Kimo: Ufafanuzi wa Vigezo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuchagua kipandikizi katika upasuaji wa kurefusha miguu unaofanywa ili kuongeza kimo, yaani kwa mtu ambaye miguu yake haina ugonjwa wala kasoro. Aina tatu zinalinganishwa: fremu ya nje, fremu inayotumika pamoja na msumari, na msumari wa ndani unaorefuka. Hoja kuu ni kwamba kipandikizi hakibadili kasi ya kuota kwa mfupa wala ukomo wa kuvutika kwa misuli na neva. Kinachobadilika ni aina ya madhara yanayoweza kutokea, wakati wa kutokea kwake, na uwezo wa daktari kuyarekebisha.

1.0 Utangulizi

Urefushaji wa miguu ulianza kama tiba. Kuanzia miaka ya 1950, daktari Gavriil Ilizarov, aliyefanya kazi katika mji wa Kurgan, Siberia, alionyesha kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu na kutenganishwa polepole huota mfupa mpya katika pengo linaloachwa. Kasi aliyoipendekeza, milimita 1 kwa siku ikigawanywa mara nne, ingali msingi wa fani hii. Wagonjwa wake walikuwa watu wenye mivunjiko isiyounga, mifupa iliyoambukizwa, au mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Baadaye mbinu hiyohiyo ilianza kutumiwa kwa watu wenye afya wanaotaka kuongeza kimo.

Tofauti hii ya lengo hubadili namna ya kupima madhara. Mgonjwa mwenye mguu mfupi hulinganisha hatari ya upasuaji na ulemavu alio nao tayari. Mtu mwenye miguu mizima hana ulemavu wa kulinganisha. Kila kasoro itakayobaki baada ya upasuaji ni kasoro mpya. Kwa msingi huo, mwaka 2006 serikali ya China ilipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya kimo, ikauacha kwa sababu za kitiba pekee.

Katika makala haya, kipandikizi ni kifaa chochote kinachoshikizwa kwenye mfupa, hata kama sehemu yake iko nje ya ngozi. Msumari ni fimbo ya metali inayopitishwa katika uwazi wa uboho. Muundi ni mfupa mkubwa ulio kati ya goti na kifundo cha mguu.

2.0 Mambo Yasiyobadilishwa na Kipandikizi

Kabla ya kulinganisha vifaa, ni muhimu kubainisha yale ambayo hakuna kifaa kinachoyabadili. Baada ya mfupa kukatwa, daktari husubiri takribani wiki 1 ili uponaji uanze. Hufuata kipindi cha kuvuta. Mtu anayetaka sentimita 5 kwa kasi ya milimita 1 kwa siku atahitaji siku 50 za kuvuta. Baada ya hapo mfupa mchanga huhitaji kukomaa, na kwa makadirio ya kawaida mchakato mzima huchukua mwezi 1 au zaidi kwa kila sentimita. Kasi ikizidi, mfupa hushindwa kuota. Ikipungua mno, pengo huunga kabla ya urefu uliokusudiwa kufikiwa.

Ukomo mkali zaidi huwekwa na tishu laini. Misuli, kano na neva huvutwa pamoja na mfupa, lakini hazijirefushi kwa wepesi uleule. Katika paja, goti huweza kukakamaa; katika muundi, kano ya kisigino hukaza na kuuelekeza wayo chini. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huweka ukomo wa takribani sentimita 5 kwa muundi na kati ya sentimita 5 na 8 kwa paja. Msumari wenye uwezo wa kurefuka sentimita 8 hauthibitishi kwamba mguu husika unaweza kuvumilia sentimita 8. Uwezo wa mashine na uwezo wa mwili ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya wengi wachague kifaa kwa kuangalia tarakimu iliyoandikwa juu yake.

3.0 Aina za Vipandikizi

3.1 Fremu ya nje

Fremu ya Ilizarov ni pete za metali zinazouzunguka mguu na kushikwa kwenye mfupa kwa nyaya au pini zinazopenya ngozi. Mgonjwa mwenyewe huzungusha nati kila siku. Ubora wake mkubwa ni udhibiti: kasi huweza kupunguzwa au kuongezwa, mwelekeo wa mfupa kunyooshwa, na hata mvuto kurudishwa nyuma neva ikianza kulalamika. Fremu haihitaji uwazi wa uboho kuchimbwa, na gharama ya kifaa chenyewe ni ndogo kuliko ya misumari inayorefuka.

Udhaifu wake unajulikana vilevile. Kila tundu la pini ni mlango wa maambukizi. Misuli iliyopenywa na nyaya huumia kila kiungo kinapokunjwa, hasa katika paja, ambako nyama ni nene. Kwa sentimita 5, fremu hukaa mwilini kwa miezi 5 au zaidi, na ikiondolewa mapema mfupa huweza kupinda au kuvunjika.

3.2 Fremu pamoja na msumari

Mbinu hii, iliyoendelezwa na Dror Paley na wenzake katika miaka ya 1990, huweka msumari wa kawaida ndani ya mfupa huku fremu ikivuta kutoka nje. Urefu ukifikiwa, msumari hufungwa kwa skrubu na fremu huondolewa. Katika mfano wetu, fremu hukaa takribani miezi 2 badala ya 5. Faida hiyo ina gharama yake: maambukizi ya tundu la pini, ambayo kwa fremu pekee mara nyingi huishia kwenye ngozi, hapa huweza kuufikia msumari na kuenea katika uwazi wote wa uboho. Hivyo muda wa hatari hupungua, lakini uzito wa hatari yenyewe huongezeka.

3.3 Msumari unaorefuka

Misumari ya awali ya aina hii, kama Albizzia na ISKD, ilirefuka kwa mguu kuzungushwa au kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Tatizo la ISKD lilikuwa kukosa breki: ulipoanza kurefuka kwa kasi kupita kiasi, hapakuwa na njia rahisi ya kuuzuia. Kizazi kilichofuata kiliondoa udhaifu huo. Fitbone ya Ujerumani hutumia mota inayopokea nishati kupitia kipokezi kilichowekwa chini ya ngozi. PRECICE, iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 2011, ina sumaku inayozungushwa na kifaa kinachowekwa juu ya mguu, nayo huweza kurefushwa au kufupishwa.

Msumari wa ndani huondoa tundu za pini na kuacha makovu madogo. Hata hivyo, uwazi wa uboho hulazimika kuchimbwa, na mafuta ya uboho huweza kuingia katika damu na kufika kwenye mapafu. Hatari hii hupewa uzito mkubwa zaidi pale mapaja mawili yanapofanyiwa upasuaji kwa siku moja, kama ilivyo kawaida katika kutafuta kimo. Pia PRECICE ya titani haibebi uzito kamili wa mwili wakati wa kuvuta. Kiasi kinachoruhusiwa kwa kawaida hakizidi kilo 35 hata kwa msumari mnene. Mwenye mguu mmoja uliopasuliwa husimamia mguu mwingine kwa msaada wa magongo. Mwenye miguu miwili iliyopasuliwa hana mguu wa kusimamia, na mara nyingi hutegemea kiti cha magurudumu.

4.0 Funzo la STRYDE

Hitaji hilo la kusimama ndilo lililozaa STRYDE, msumari wa sumaku wa chuma cha pua uliotolewa mwaka 2018 na kampuni iliyokuwa ikitengeneza PRECICE. Ulikuwa imara kiasi cha kumruhusu mgonjwa kutembea mapema kwa uzito ambao titani haikuubeba. Kwa watu wanaorefusha miguu yote miwili, ulionekana kuwa jibu kamili.

Baadaye picha za eksirei zilianza kuonyesha mfupa ukilika na kubadilika karibu na kiungio ambapo sehemu mbili za msumari huteleza, na misumari iliyotolewa ilionyesha dalili za kutu mahali hapo. Mapema mwaka 2021 kampuni iliuondoa sokoni.

Tukio hili lina uzito wa kihoja. STRYDE haikushindwa katika kazi iliyoundwa kuifanya. Ilitatua hatari iliyoonekana, yaani kushindwa kusimama, na kuleta hatari isiyoonekana, ambayo ilihitaji muda na picha za ufuatiliaji ili ijulikane. Upya wa kifaa, kwa hiyo, ni kigezo cha tahadhari: kadiri kifaa kilivyo kipya, ndivyo hatari zake za baadaye zinavyokuwa hazijahesabiwa.

5.0 Vigezo vya Uteuzi

Kutokana na mjadala huu, vigezo vitano vinapendekezwa.

Kwanza, mfupa unaorefushwa. Msumari hulifaa zaidi paja, ambako fremu huumiza na kukwaza goti. Katika muundi fremu huvumilika zaidi.

Pili, umbo la mfupa. Uwazi mwembamba wa uboho huzuia matumizi ya msumari mnene. Vilevile msumari hulirefusha paja kufuata mhimili wa mfupa wenyewe, hivyo mstari wa kubeba uzito husogea nje kwa takribani milimita 1 kwa kila sentimita. Mwenye magoti yanayogongana anapaswa kulizingatia hili kabla ya upasuaji.

Tatu, uzito wa mwili na idadi ya miguu inayopasuliwa, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa ataweza kusimama.

Nne, uwezekano wa kurudi nyuma. Swali la kumuuliza daktari ni hili: neva ikidhoofika siku ya 30, kifaa hiki kitafanya nini, na nani atakiendesha?

Tano, ufuatiliaji. Msumari unaorefuka hukusudiwa kutolewa mfupa ukishakomaa, na kwa hiyo upasuaji wa pili ni sehemu ya uamuzi wa kwanza. Jambo hili huwagusa hasa wanaosafiri kwenda nchi kama Uturuki au India. Katika Afrika Mashariki, madaktari wa mifupa wanaifahamu fremu ya nje kupitia tiba ya mivunjiko iliyo wazi. Msumari wa sumaku, kinyume chake, humhitaji mtu mwenye kifaa chake cha kuuendesha na zana zake za kuutoa. Mgonjwa anayerudi nyumbani kabla ya kipindi cha kuvuta kuisha huwa amebeba mwilini mashine isiyo na fundi karibu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba fremu huweka hatari nyingi ndogo mahali zinapoonekana. Msumari huweka hatari chache mahali zisipoonekana. Na mbinu ya pamoja hufupisha muda kwa kuunganisha aina zote mbili. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kigezo cha mwisho kisiwe kovu dogo wala sentimita nyingi, bali ni madhara gani yanaweza kugunduliwa mapema na kurekebishwa na daktari aliye karibu naye. Ridhaa inayotolewa bila swali hilo kuulizwa na kujibiwa ni saini tu, hata kama kipandikizi kilichochaguliwa ni cha kisasa kuliko vyote.