Mbabula Isilale Ndani ya Nyumba



Mvua imerudi Goma, na mbabula zimeanza tena kuingia ndani. Sababu zake tunazijua sote. Mvua inazima makala. Mbabula ikilala nje inaibiwa. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku baridi inauma. Tena kuna sababu ya mfuko: makala ni ghali, na mama anaona uchungu kuzima kaa ambalo bado ni jekundu.

Hatuandiki ili kugombeza mtu. Sisi walimu tunapokea asubuhi watoto wenye kuumwa kichwa, wenye kusinzia, wenye kusema tumbo linachafuka. Mara nyingi ni malaria, au njaa. Lakini kuna swali moja ambalo kila mzazi afadhali ajiulize kwanza: usiku, mbabula ililala wapi?

Mazuku ya ndani

Mtoto wa Goma au wa Sake hahitaji kufundishwa mazuku ni nini. Anajua kwamba kuna mashimo na mabonde ambamo gesi ya volkano inalala, na mbuzi akiingia humo asubuhi mapema hatoki. Gesi hiyo ni dioksidi ya kaboni. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inakaa chini.

Makala yanayowaka yanatoa gesi nyingine, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Hii haikai chini. Inajichanganya na hewa ya chumba chote, kwa hiyo mtu aliyelala juu ya kitanda kirefu hajaokoka kuliko aliyelala kwenye mkeka. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ikiingia katika damu, inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu inayopita ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Mtu anapumua, lakini mwili wake unakosa hewa. Akiwa macho, anasikia kizunguzungu na anaweza kutoka. Akiwa usingizini, anaweza asiamke.

Hapa ndipo moto unatudanganya. Kuni zinatoa moshi, macho yanatoka machozi, tunafungua mlango. Makala yakishaiva, yakawa mekundu na majivu juu, hakuna moshi tena. Mama anasema: “Sasa imetulia, tuingize.” Kumbe gesi bado inatoka, tena hakuna kitu cha kutuonya.

Mama mzazi na mtoto mchanga

Katika familia nyingi, mama akitoka kujifungua anawekewa mbabula karibu na kitanda, mlango na dirisha vinafungwa, ili baridi isimpate mtoto. Nia ni njema, lakini mapafu ya mtoto mchanga ni madogo sana. Joto lililo salama liko kwa mama mwenyewe: mtoto alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na blanketi juu yao wawili. Mama akichoka, baba au nyanya anaweza kumpokea vilevile. Wakunga wanafundisha njia hiyo hata kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Mbabula iwekwe wapi

Nyumba zetu nyingi ni za mbao na bati, zimejengwa karibu karibu. Moto wa nyumba moja ni moto wa avenue nzima. Kwa hiyo:

– Mahali pa kwanza ni nje, chini ya kibanda chenye bati juu na pande mbili wazi. Mbao nne za kusimamisha na bati mbili zinatosha kukinga mvua.

– Ikiwa jikoni ni ndani, moto ukae angalau mita moja kutoka ukuta wa mbao, pazia, godoro na magunia. Chini yake pawe udongo, tofali au mawe makavu, si mbao wala prelati. Jiwe lililolowa maji lisikae katika moto, linaweza kupasuka na kurusha vipande.

– Jikoni pawe na njia mbili za hewa: moja ya chini, kama mlango ulio wazi, na moja ya juu, karibu na bati. Hewa safi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Tundu moja dogo halitoshi.

– Mbabula isimame sawasawa, isiyumbe. Mikono ya sufuria igeuzwe upande ambao mtoto hafiki. Chora mstari chini kuzunguka moto na ufundishe watoto wasiuvuke. Watoto wanapenda sheria wanayoiona kwa macho.

Wenye jiko la udongo la kuni lenye bomba la moshi waangalie pale bomba linapopita kwenye paa. Bomba la moto lisiguse mbao. Fundi akate nafasi pana kuzunguka bomba na kuifunika kwa bati. Juu, bomba lipite kilele cha paa, la sivyo upepo utarudisha moshi ndani. Masizi yaondolewe kila mwezi, maana bomba lililoziba linarudisha gesi nyumbani na masizi yenyewe yanaweza kuwaka. Kuni ziwe kavu: kuni mbichi zinakula pesa na kutoa moshi tu.

Kuwasha na kuzima

Washa nje, kwa vijiti vikavu au karatasi. Usitumie mifuko ya plastiki, moshi wake ni sumu. Usimwagie petroli wala esanse juu ya kaa lililo na moto, hata kama linaonekana limekufa. Mwali unapanda hadi kwenye bidoni mkononi mwako.

Na lile kaa jekundu la jioni tusilolitaka lipotee? Kuna njia ya kuliokoa. Tafuta chungu au debe la chuma lenye kifuniko kinachoshika vizuri. Ukimaliza kupika, ingiza makaa humo kwa koleo, ukiwa nje, na ufunike kabisa. Yakikosa hewa yatazimika yenyewe, na kesho utakuta makala makavu, tayari kuwashwa tena. Debe lilale nje mpaka lipoe kabisa. Mbabula tupu iliyopoa inaweza kuingia ndani bila hatari, na mwizi hatakuwa na cha kubeba.

Majivu nayo si ya kuaminiwa. Kaa linaweza kulala ndani ya majivu mpaka kesho yake. Usiyatupe kando ya ukuta wa mbao wala katika ndoo ya plastiki.

Mtu akipatwa

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kuwa mizito, kuchanganyikiwa. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanasikia hivyo usiku mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiria mbabula kabla ya kufikiria sumu ya jirani au uchawi. Familia zimewahi kugombana kwa ajili ya kaa la moto.

Fungua mlango na madirisha, mtoe mtu nje kwenye hewa, kisha mpeleke haraka kwenye kituo cha afya. Waambie wauguzi wazi: “Alilala na mbabula.” Bila neno hilo wanaweza kutafuta malaria tu. Maziwa au mafuta ya kunywa hayaondoi gesi hii. Dawa yake ni oksijeni.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi na mpeleke kwa muuguzi.

Kwa vikundi vyetu

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020. Kati yao, zaidi ya 237 000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi hawakufa usiku mmoja. Moshi uliwala polepole, kupitia mapafu na moyo.

Tunapendekeza kila kikundi kifanye mambo mawili kabla mvua haijazidi. La kwanza, wamama wawili wawili watembeleane saa ya kulala, waangalie mbabula iko wapi. Jirani anaona kitu ambacho mwenye nyumba amekizoea. La pili, likelemba ya mwezi huu itenge kitu kidogo kwa ajili ya bati za kibanda na madebe yenye kifuniko, tukianza na nyumba zenye watoto wachanga na wamama wanaoishi peke yao na wajukuu.

Na jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, hesabu watoto wote wako ndani, kisha hakikisha moto uko nje.