Gari la zamani: usianze kwa kuliwasha

Mwenye gari lililolala miaka mingi huwa na hamu moja, kusikia injini ikinguruma. Betri huazimwa, stata hupigwa, na gari lililokuwa likiokoleka likaharibiwa hapo hapo. Chukua Land Rover ya petroli iliyoachwa kando ya boma kule Ololosokwan, mbali na gereji za Karatu na Arusha. Huenda pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, na petroli ya zamani imekuwa gundi ndani ya kabureta. Ukilazimisha, ringi hukatika.

Ingia chini ya gari kwanza. Bodi ya Land Rover hizi, zilizozinduliwa mwaka 1948, ni ya aluminiamu, hivyo kwa nje huonekana nzima hata baada ya miongo. Chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Tope la masika huingia humo, likaganda na kushika unyevu, na kutu ikala taratibu bila kuonekana. Igonge kwa nyundo ndogo urefu wake wote, hasa nyuma na pale springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti butu, au nyundo huzama. Hapo ndipo utajua kama una gari au una vipuri tu.

Kwa magari ya michezo jambo hili ni zito zaidi. Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu iliyooza ni gari lililovunjika, hata rangi iwe inang'aa vipi.

Kabla ya kufungua nati yoyote, hakikisha namba ya chesisi kwenye kadi inafanana na iliyogongwa kwenye chuma. Kama mwenye gari ni marehemu, mirathi ikamilike kwanza. Kazi ya miezi isije ikaishia barazani kwa ugomvi wa ndugu.

Sasa injini. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, uiache siku kadhaa, kisha zungusha polepole kwa hendeli. Ikizunguka bila kukwama, badilisha oili, kagua nyaya zilizotafunwa na panya, na uiwashe kwa petroli mpya kutoka kwenye dumu dogo, si kwenye tangi la zamani. Lakini gari lisitoke hapo lilipo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, silinda zake huota kutu na mipira hukauka, kwa hiyo breki zote zifunguliwe kwanza.

Piga picha kila unachofungua. Na kama mwaka huu una fedha ya kazi moja tu, mlipe fundi wa kuchomelea chesisi. Rangi iwe ya mwisho kabisa.